Mkata Shingo za Vimelea

Saa tatu asubuhi, ndani ya kisahani cha kioo kisichopita upana wa mdomo wa kikombe, mmoja aliliwa akaisha. Kope alimtazama kwenye hadubini mpaka dakika ya mwisho, mkono wa kulia umeshika kijiti chake, wa kushoto unazungusha gurudumu la kulengea. Aliyeliwa alikuwa kidude cha baharini chenye mikia miwili, kidogo kiasi kwamba kikikuingia jichoni hutapepesa. Tangu juzi kilikuwa na mgeni ndani yake. Mgeni alianza na kiini, maana ndiko kwenye utamu, akakitafuna chote, akajikunja humo ndani na kunenepa mpaka mwenye nyumba akabaki ngozi tupu iliyovaliwa na mwingine. Asubuhi hiyo ngozi ikatatuka. Mgeni akachomoza, mrefu, amejisokota kama kamba iliyolowa, akaogelea kwa muda akiwa mzima, kisha akavunjikavunjika vipande mia tatu na zaidi, kila kipande na mikia yake miwili, kila kipande na njaa yake.

"Mia tatu," Kope akasema bila kuinua kichwa. "Kesho hapa patakuwa na matanga ya ukoo mzima."

"Andika saa," Daktari akasema kutoka meza ya pili.

"Nimeandika. Na sababu ya kifo nimeandika: ukarimu."

Daktari hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, mkuu wa chumba kile katika kituo cha utafiti wa bahari, na udaktari wake haukuwa wa sindano bali wa vitabu. Kope alimzidi miaka kumi na moja, na darasa la saba lilikuwa mwanzo na mwisho wa masomo yake. Aliingia kituoni miaka ishirini na miwili iliyopita kama mwosha chupa. Siku moja akaona wanafunzi wa chuo wanahamisha vidudu kwa sindano ya chuma, kila wakigusa wanatoboa, kila wakitoboa wanatukana. Akang'oa kope moja ya jicho lake, akaibandika kwa gundi kwenye ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, akainama, akamnyanyua mdudu mzima mzima kama unavyomnyanyua kifaranga. Tangu siku hiyo hakuosha chupa tena, na jina lake la nyumbani halikukanyaga pale kituoni. Kila mtu alimwita Kope.

Kazi ilikuwa hivi. Boti ilikwenda kuvuta wavu mwembamba kama kitambaa cha pazia, ikarudi na ndoo ya planktoni, yaani vile viumbe vinavyoelea tu baharini bila ubavu wa kushindana na mkondo: vya mimea, vya wanyama, na vingine ambavyo wenye elimu wenyewe hawajui waviweke kundi gani. Kila mtu anajua samaki huvila. Wasichojua wengi ni kwamba wapo wanaovila kutokea ndani. Hao ndio vimelea, na Daktari alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akiutafuta ukoo wao: nani ametoka kwa nani, nani ni binamu wa nani, na nani anajidai ndugu hali hahusiki. Kope alimchagulia wagonjwa, mmoja mmoja, kwa unywele wa jicho.

Yule wa kujisokota walimwita Msokoto. Wa pili walimwita Kipuli, na huyu ndiye aliyewagombanisha.

Kipuli haingii ndani. Hujibandika mdomoni mwa kikamba, kiuduvi kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, akaning'inia hapo kama kipuli sikioni, mweupe, wa mviringo, mwenye shingo. Ukimwona utasema pambo. Lakini shingo ile imetoboa gamba, na chini ya gamba kuna mzizi, na mzizi unanyonya mchana na usiku. Kikamba jike aliyevishwa Kipuli hazai. Mayai yake yote yamekuwa shibe ya mwingine, naye anaendelea kuogelea huku amebeba mdomoni kile kinachommaliza.

Wataalamu waligombana miaka mingi kuhusu Kipuli. Huyu akasema ni kuvu, yule akasema ni mwani, mwingine akamweka peke yake kama mtoto wa kuokotwa. Daktari akaamua kuwakata wote kauli. Akachukua Kipuli ishirini, akawapeleka maabara kubwa ya mji mwingine wakasomwe vinasaba, yale maandishi ambayo kila kiumbe hubeba ndani ya chembe zake na mzazi humwachia mtoto. Maandishi yakifanana sana, ninyi ni ndugu wa karibu. Yakifanana kidogo, mnasalimiana tu misibani.

Majibu yakarudi. Kipuli, karatasi ikasema, ni ndugu wa kikamba.

Daktari alitembea chumbani kama mtu aliyepokea mahari ya binti watatu. Kope akaisoma ile karatasi kwa kidole, akaiweka mezani.

"Mmesoma udongo," akasema.

"Nini?"

"Ulimvuta Kipuli kwa koleo, sivyo? Ukamvuta akatoka na mzizi, mzizi ukatoka na nyama. Umeng'oa muhogo ukaupeleka na udongo wake, nao wamekupimia udongo. Hayo ni maandishi ya kikamba."

"Tuliwaosha mara tatu."

"Mliwaosha nje. Nyama iliyo kooni mwa mlaji unaioshaje?"

Daktari akavua miwani. "Dada Kope, na mambo haya wewe ulisomea wapi?"

"Darasa la saba. Tulifundishwa kuosha viazi kabla ya kupika."

Daktari alinuna mpaka saa ya chai. Baada ya chai akaja na kisahani chenye kikamba hai, akakiweka mbele ya Kope kwa upole. "Haya. Nionyeshe."

Kope akavunja kichembe cha wembe, akakibandika kwenye kijiti kingine. Kwa kope alimlaza kikamba ubavu. Kwa wembe alikata shingo ya Kipuli juu kidogo ya gamba. Mzizi ukabaki ndani, kichwa kikabaki kikielea peke yake, safi, hakina hata chembe ya nyama ya mwingine. Hiyo ni kusema tu. Wa kwanza alimpasua utumbo ukamwagika, wa pili vilevile, na wapo tisa waliokufa mikononi mwake kabla hajapata mmoja wa kufaa. Mkono ukitetemeka kiasi cha pigo la moyo, umeshaua. Walihitaji thelathini. Ilichukua wiki tano, na chumba kizima kilikuwa kinapumua kwa zamu ili Kope asishtuke.

Nyumbani mkono huohuo ulikuwa na kazi nyingine: kuzuia.

Nyumba ilikuwa ya mama yake, vyumba viwili na sebule, bati juu, ua mdogo nyuma wenye bomba la maji. Mama alikuwa na miaka sabini na minne na mifupa kama ya kuku. Miaka mitatu nyuma alikuja mdogo wake Kope, kitinda mimba, akiwa na begi moja, akasema anakaa wiki mbili. Ujanani alikuwa mpiganaji wa ngumi. Alipanda ulingoni mara saba akapigwa mara sita, na tangu hapo akawa anatafuta watu wasiorudisha. Mtaani walimwita Bondia. Alichukua chumba cha mama kwa sababu kina dirisha, mama akahamia kwenye kochi la sebuleni, na hakuna aliyesema neno. Yaani Kope alisema neno, akapata kofi lililomziba sikio siku nne.

Alipiga kwa sababu chakula kimepoa. Alipiga kwa sababu chakula ni cha moto. Aliwahi kummwagia mama birika la chai mapajani kwa sababu mama alikohoa taarifa ya habari ikiendelea. Alimvunja mfupa wa mtulinga kwa kumsukuma kwenye kona ya kabati, na mama akaenda hospitali akasema ameanguka. Mwaka uliofuata Kope alimzuia asiingie sebuleni na mkanda, naye Bondia akaubamiza mlango, kidole kidogo cha Kope kikiwa kwenye bawaba. Kazini Kope alisema mlango umembana. Na kweli mlango ulimbana. Hakusema tu nani aliusukuma.

"Ni ndugu yako," mama alikuwa akisema huku akikandwa. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mama, huyu kakuvunja mtulinga."

"Kanibakizia mwingine."

Unamfanya nini mama wa namna hiyo? Kope alimpenda, naye mama alimpenda Bondia, na Bondia alipenda kulala. Usiku, kitandani, Kope alisikiliza pumzi ya mama ukutani kama mtu anayesikiliza bomba lisije likakauka. Hakuwa na hofu nyingine duniani. Kazi ingepatikana, nyumba ingepatikana. Alichoogopa ni siku moja kurudi na kukuta Bondia amemmaliza mama, na mama amekufa akimtetea.

Majibu ya pili yalikuja siku ya Ijumaa. Daktari aliyasoma amesimama, akayasoma tena ameketi, kisha akabandika ukutani karatasi kubwa na kuanza kuchora mti wa ukoo. Alichora shina, akachora matawi. Kikamba akamweka mbali kabisa, upande wa dirishani. Kuvu upande huohuo. Mwani mbali, kule kwenye friji. Halafu kalamu ikarudi katikati, na kwenye tawi moja akaandika Kipuli, na kwenye kitawi kilichochipuka jirani yake akaandika Msokoto.

"Hawa ni jamaa," akasema polepole. "Mmoja anaingia ndani, mmoja ananing'inia nje. Hawafanani hata sura. Lakini ni jamaa."

"Na yule wa mikia miwili? Anayeliwa na Msokoto?"

Daktari akashusha kalamu kidogo tu, upana wa kiganja, akaandika. Shina lilelile.

Kope aliinuka kwenye kiti. Aliifuata mistari kwa kile kidole chake kidogo kilichopinda. "Kwa hiyo Msokoto anamla binamu yake."

"Tuseme hivyo. Wa mbali. Walitengana zamani mno, dada, zamani isiyohesabika kwa miaka ya watu."

"Undugu una tarehe ya kuisha?"

"Hapana, lakini—"

"Ndiyo maana anaujua mlango. Nimemwona akiingia mara ngapi? Habishi hodi. Anakwenda moja kwa moja kwenye kiini kama mtu anayekwenda chooni kwao gizani."

"Hilo siwezi kuliandika, Kope. Hatujathibitisha kwamba undugu ndio unaompa njia."

"Wewe andika unachoweza."

Alisimama mbele ya ule mti mpaka Daktari akazima taa za meza. Zimwi likujualo. Miaka mitatu alikuwa amelimeza neno lile kama dawa, na kumbe alikuwa anaona kinyume chake kila siku ya kazi, kwa macho yake, kwa kioo cha kukuza mara mia nne. Zimwi lisilokujua hupapasa, hukosea njia, hushiba kidogo likaenda zake. Likujualo ndilo linalojua kiini kiko wapi. Hilo ndilo hula mtu akaisha.

Kesho yake, Jumamosi, Bondia alitoka mapema. Kope akamwita fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya kichochoro, mzee mmoja mwenye masikio makubwa na maneno machache.

"Nibadilishie kitasa."

"Mambo ya ndani ya nyumba mimi siingilii, dada."

"Sijakuita uingilie ndani. Kitasa kiko mlangoni."

Fundi akabadilisha. Kope akakusanya vitu vya Bondia, begi, redio, glavu kuukuu za ngumi, viatu jozi mbili, akavirusha kichochoroni kimoja kimoja. Mama aliketi kwenye kochi amejifunga khanga kifuani, anatazama vikipita.

"Unamtupa mwanangu kama maganda."

"Maganda huliwa na mbuzi. Huyu hata mbuzi hamtaki."

"Atarudi."

"Arudi. Akibisha, usimfungulie."

"Nimfungulie na nini, na ufunguo umeubeba wewe?"

Kope alikuwa ameubeba kweli. Boti ilikuwa inarudi saa nne na ndoo ya planktoni hai, na kilicho hai hakingoji. Ukichelewa saa mbili, nusu wamekwisha kupasuka. Alipiga hesabu: kwenda, kuchambua walio hali mbaya, kurudi. Bondia hakuwahi kurudi kabla ya saa tisa. Akamfungia mama kwa nje, akaenda.

Alirudi saa sita na nusu. Kitu cha kwanza alichoona ni kwamba begi halipo kichochoroni. Cha pili, kitasa kipya kiko salama, kinang'aa. Akafungua, akapita sebuleni, na upepo wa uani ukampiga usoni mahali ambapo hapakupaswa kuwa na upepo. Mlango wa nyuma ulikuwa mbao tatu sakafuni.

Bondia alikuwa mezani jikoni anakula mkate. Mama alikuwa chini, kati ya kigoda na ndoo ya maji, amelala ubavu, na taya lake halikuwa mahali pake. Lilikuwa limekwenda pembeni kama droo iliyofungwa vibaya. Jicho moja limefumba. Kwenye maji ya ndoo kulikuwa na damu inayofunguka polepole, na chini ya damu, meno mawili.

"Kaanguka," Bondia akasema.

"Na mlango?"

"Mlango nao umeanguka." Akameza. "Nimemwuliza kwa adabu ufunguo uko wapi. Kanitazama tu. Umemfundisha kiburi, wewe."

Kope akachukua kigoda. Alikinyanyua kwa mikono miwili akakishusha sikioni mwa mdogo wake kwa nguvu zote alizokuwa amezibana miaka mitatu. Mguu wa kigoda ulikatika. Bondia akaanguka na kiti chake, akainuka na damu shingoni, na cha kutisha ni kwamba alikuwa anatabasamu, kama mtu ambaye hatimaye mchezo wake umeanza. Ngumi ya kwanza ilimpata Kope tumboni, ya pili shavuni. Bondia akamkamata mkono wa kulia, akaugeuza juu, akautazama.

"Huu ndio mkono wa kitasa?"

Akashika vidole viwili, cha shahada na cha kati, akavikunja kinyume. Vililia kimoja baada ya kingine, kama vijiti vikavu. Kope alisikia mlio kabla ya maumivu. Maumivu yalipofika, yalimkuta tayari ameuma. Alikuwa ameyazamisha meno kwenye mkono wa Bondia, juu ya kiwiko, na hakuachia. Bondia alimpiga kichwani, akampiga tena, yeye akauma mpaka meno ya juu yakaonana na ya chini na kipande kikatoka. Bondia akapiga ukelele wa mtoto, akarudi nyuma, akakanyaga ndoo, akaenda chini chali kwenye maji na damu na meno ya mama yake.

Kope akakitema kile kipande. Akamshika mama kwapa kwa mkono wa kushoto, akamburuta: jikoni, sebuleni, kizingitini, kichochoroni. Mama hakuwa mzito kuliko ndoo mbili za maji.

Fundi baiskeli alikuwa amesimama nje ya kibanda chake na spana kubwa. Bondia alipotokea mlangoni, ameshika mkono unaochuruzika, alimkuta mzee yule kasimama katikati ya njia. Fundi aliihamisha tu spana kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Majirani wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wengine na ufagio, wengine na mikono mitupu. Bondia akawatazama, akawahesabu, akarudi ndani. Watu kumi hakuwahi kupigana nao. Saizi yake ilikuwa mmoja, tena amelala.

Hospitali, tabibu akainama juu ya mama. Kijana wa watu alikuwa amechoka, kalamu imemganda vidoleni. "Nini kimetokea, bibi?"

Mama akalisogeza lile taya kwa kiganja chake mwenyewe ili maneno yapite.

"Nimeanguka."

Tabibu akaandika ameanguka. Kope aliketi kwenye benchi, vidole vyake vimevimba mpaka ngozi inang'aa. Alikuwa akiwaza shingo za Kipuli thelathini, jinsi alivyomcheka Daktari kwa kuvuta kitu chenye mzizi. Na yeye alifanya nini leo? Alimshika Bondia akamvuta mzima mzima, akamtupa nje, na mzizi ulikuwa ndani ya mama, akaufungia humohumo na ufunguo akaubeba. Kosa lilelile. Tena Daktari alilifanya kwa mdudu.

"Na wewe, mama?" tabibu akamgeukia Kope. "Huo mkono?"

"Mlango," Kope akasema, na neno la pili likiwa limeshafika ulimini, akalisikia. Ilikuwa sauti ya mama. Kabisa, hata ule upole wake. Alikuwa ameshasema hivyo mwaka juzi, kwa Daktari, kuhusu kile kidole kidogo, na alisema vizuri kama mtu aliyezaliwa nalo.

Akafunga mdomo. Akaufungua.

"Nimevunjwa. Na mdogo wangu. Tumbo moja, baba mmoja. Na huyu mama alivunjwa na huyohuyo, lakini yeye atakwambia ameanguka, na mimi siwezi kusema kwa mdomo wake. Basi andika wangu."

Mama akanyoosha mkono kutoka kitandani, akamshika nguo. "Ukimtaja kwa askari, mimi sina mwana."

"Yupi kati yetu?"

Mama hakuachia nguo. Kope ndiye aliyevifungua vile vidole, kimoja kimoja, polepole, asije akaviumiza.

Kulikuwa na dawati la polisi karibu na lango la hospitali, na askari wa kike mnene anayekunywa maji kwenye chupa. Alisikiliza yote bila kukatiza. Mwishoni akaweka chupa chini.

"Wengi huja hapa Jumamosi wakaandika, Jumatatu wakaja kufuta. Mimi nachoka. Nikiandika yako, utafuta?"

"Una wino?"

"Ninao."

"Basi andika kwa wino."

Kutia sahihi hakuweza. Aliweka dole gumba la kushoto.

Walimkuta Bondia amelala kwenye kitanda cha mama, mkono umefungwa kwa foronya. Kesi haikuchukua muda. Mama hakuitwa, vidole vya Kope vilitosha, picha ya eksirei ilitosha, na fundi baiskeli, yule asiyeingilia mambo ya ndani ya nyumba, alivaa koti akaenda kueleza aliyoyaona nje ya nyumba. Jela mwaka mmoja na nusu.

Wiki saba mama hakumsemesha Kope. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, kwa hiyo mwanzoni ilikuwa vigumu kujua sababu. Waya ulipotolewa ikadhihirika kwamba haikuwa waya. Alirudi kwenye chumba chake chenye dirisha, akala alichopewa, akamtazama binti yake kama anavyotazamwa mpangaji.

Kazini, kidole cha shahada kilipona kikiwa kigumu, hakikunjiki. Kalamu kiliweza, wembe hakikuweza. Kwa hiyo Daktari akaketi kwenye kiti cha Kope, na Kope akasimama nyuma yake.

"Laza ubavu kwanza. Ubavu. Sasa kata. Umemuua."

"Mkono umeteleza."

"Wote husema hivyo."

Daktari akaacha kijiti mezani. Akauliza bila kugeuka, "Ule mlango wa mwaka juzi, uliokubana kidole?"

"Ndiye huyohuyo."

"Nilikuona kila siku. Mita mbili kutoka hapa."

"Ulikuwa unatazama kwenye hadubini. Mimi pia. Haya, chukua mwingine, huyo amepoa."

Aliua kumi na wanne kabla ya kupata mmoja. Kope alihesabu kwa sauti, na alifurahi sana kwamba wamezidi tisa.

Siku mama alipozungumza ilikuwa asubuhi ya kawaida. Kope alikuwa anamkatia mkate vipande vidogo, kisu mkono wa kushoto, mkate unakatika upande upande.

"Kule aliko kuna baridi," mama akasema.

Kope akaendelea kukata. "Kuna baridi."

"Nataka kumpelekea sweta."

"Mpelekee."

Mama akamtazama kwa mashaka. "Hutanizuia?"

"Nikuzuie kwa nini? Nimeuliza. Chumba cha wageni cha gereza kina nondo kutoka sakafuni mpaka darini, na juu ya nondo wamefunga wavu wa chuma, kidole hakipiti. Askari anasimama pembeni. Wewe keti upande wako, umpende mpaka kengele ilie. Mimi nitakungoja nje."

"Una roho ngumu wewe."

"Ninayo. Rangi gani?"

"Rangi gani nini?"

"Sweta."

Mama akatia kipande cha mkate mdomoni, akakitafuna kwa upande wa kulia, upande unaofanya kazi, akafikiri.

"Ya kijivu," akasema. "Haionyeshi uchafu."